Sentensi Niliyoikata Kwenye Wasifu wa Mama

Mshauri wetu mpendwa, nakuja kwako kuomba msaada, na usinione wa ajabu nikikuambia kwamba nimeumbuka na nina shukrani, vyote kwa pamoja.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia ya msingi, ila Biblia naisoma kila siku. Jumanne iliyopita, kwenye kikundi chetu cha wanawake kanisani, kiongozi wetu, nesi mstaafu, alituambia tufungue Injili zote nne juu ya meza moja tusome saa ya mwisho ya Bwana, basi mimi nikasoma kwa Marko kwamba alilia akiuliza mbona ameachwa, jirani yangu akasoma kwa Luka kwamba alijikabidhi mikononi mwa Baba yake, mwingine akasoma kwa Yohana kwamba alisema yametimia, nikauliza, "Sasa mkweli nani hapa?"

Nesi akacheka. "Fundi, mimi nimekaa na wanaokata roho miaka thelathini. Sijaona ndugu wawili waliotoka chumba kimoja na habari moja. Wakija nayo neno kwa neno, najua wamepatana koridoni!"

Wenzangu walicheka mpaka benchi likayumba. Mimi nililia.

Mama yetu alifariki miaka mitatu iliyopita, chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Dada, na neno nililolisikia mimi ni "maji", nikakimbia jikoni kujaza kikombe, niliporudi Dada ameshamfumba macho. Kesho yake Dada akaandika kwenye wasifu wa marehemu kwamba Mama alisema, "Mwambie Kitinda asante kwa mikono yake." Kitinda ni mimi, wa mwisho kuzaliwa. Nikamwambia, "Dada, usitutungie hadithi, mtu aliyeshindwa kumeza mate atapata wapi hotuba?" Na kwa kuwa karatasi nilipewa mimi nimpelekee msomaji, nikashika kalamu nikaikata ile sentensi, kama ninavyopunguza kitambaa kilichozidi, nikaandika, "Mama aliomba maji."

Dada alikaa mbele kanisani akiingoja. Haikusomwa. Tangu siku ile salamu zetu hupita kwa watoto.

Namshukuru Mungu kwa Jumanne ile, maana ingawa moyo bado unauliza kama Dada alitunga, nataka kwenda kwake. Lakini nianzie wapi, na shemeji, mume wa Dada, ananiita mkasi unaotembea? Tena, je, ni dhambi kufananisha kifo cha mama yangu na cha Bwana?

Ni mimi, Kitinda wa Cherehani

Mshauri anajibu

Kitinda, pole, na hongera pia. Wengi wakikuta Injili hazisemi sawasawa hufunga kitabu. Wewe umefungua moyo. Kufananisha si dhambi. Umejifunza tu kusikiliza mashahidi.

Sasa nikupe za uso. Mama aliomba maji. Nani alikwenda kuyaleta? Ulitaka usikie ukiwa jikoni neno lililosemwa chumbani? Halafu unasema hotuba! Maneno sita, Kitinda, nimeyahesabu. Pumzi moja inatosha. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini hata wewe hukuwepo.

Na tazama ulichokata. Mwenye kutunga hujitungia mwenyewe. Dada yako hakujiandikia sifa hata moja; aliandika asante yako. Miaka mitatu ameibeba, na wewe mwenyewe hutaki kuipokea. Mzigo huo mzito jamani!

Wewe ni fundi, unajua mbele na mgongo wa gauni havikatwi sawa. Ukivilazimisha vifanane, nguo haivaliki. Marko hakumfuta Luka. Wamekaa kitabu kimoja, na wewe umekula kwa wote tangu ubatizwe. Maji yako ni kweli. Uliyaleta mbio, na naamini ndiyo mikono iliyoshukuriwa.

Basi Jumamosi funga cherehani uende. Usimtume mtoto, usipige simu. Shemeji mwachie maneno yake, mkasi kweli ulikata. Ukishakaa, sema kwa kinywa chako, "Dada, ni mimi niliyeikata, nisamehe," kabla hujauliza lolote. Usiweke "lakini" nyuma yake. Akikufokea, fokewa, una deni la kusikiliza.

Akishatulia, mwombe akusimulie kuanzia pale ulipotoka kwenda jikoni. Usimsahihishe hata kama atasema kikombe kilikuwa bilauri. Kisha chukueni Biblia ya Mama, kama aliiacha, ukurasa mtupu wa mwisho, muandike sentensi zote mbili kwa mkono wa kila mmoja, yako juu, yake chini, wajukuu wazikute zote.

Na katika kusimulia, akifika kwenye jina lako, usibishe. Itikia kama ulivyokuwa ukimwitikia Mama. Ile asante ni yako tangu siku ile.