Vidole Viwili Kwenye Mtaro wa Mwatate

Voi, Alhamisi, Machi 1956. Joto la kukausha mate mdomoni.

Nilipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, meno matatu na gunia zima la kabichi siku ya Jumanne, wiki tano na siku mbili zilizopita, kwenye mteremko wa juu ya Mwatate.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinayumba kama walevi.

Vibarua wa mkandarasi wa barabara walichimba mtaro, wakaenda zao bila kuacha hata jiwe la kuonya mtu. Nilitokea kwenye kona, gurudumu la mbele likazama, baiskeli ikanirusha. Uso ulipiga kokoto. Nilisikia meno yakivunjika kabla sijasikia maumivu. Mzigo ukaniangukia mgongoni, na mkono ukaingia kwenye spoki zikiwa bado zinazunguka.

Kidole kimoja nilikiokota mwenyewe. Kingine sikukiona.

Leo asubuhi nilikwenda kambi ya mkandarasi hapa Voi, shati safi, barua mfukoni. Gurudumu na forki, shilingi 58. Kabichi, 22. Safari kumi na tano nilizokosa, faida ya shilingi sita kila moja, 90. Vidole, mia na hamsini kila kimoja. Jumla 470. Meno sikuyatoza.

Karani wake, mtu wa kwetu milimani, alisoma taratibu, kisha akauliza, "Bwana, siku hiyo ulifunga tawi?"

Sisi tunaoshuka na mzigo kutoka Wundanyi hufunga tawi la mti nyuma ya baiskeli liburutike chini, maana breki peke yake haishiki. Nikajibu haraka, tena kwa majivuno: ndiyo, tawi kubwa! Nilidhani naonyesha uangalifu wangu.

Akaandika.

"Basi nyinyi wa matawi ndio mnaotuharibia barabara. Umeanguka kwenye shimo lako mwenyewe."

Nyapara wa vibarua wale alikuwa mlangoni na kikombe chake. Alicheka hadi chai ikamtoka puani. "Mwambie akalidai tawi!"

Nilimkaba koo. Sijivunii, ila karatasi hii sitaidanganya. Nilimbana ukutani kwa mkono wa kushoto, nikamtandika kwa wa kulia, mara moja, mara mbili. Ngumi haikufumbika. Kidonda kikapasuka, na damu yote iliyokuwa usoni mwake ilikuwa yangu.

Nilitaka afe.

Vibarua wanne walinibandua. Mmoja alinipiga teke la mbavu, kisha wakanitupa nje. Nikiwa pale vumbini nikapiga hesabu: kupiga mtu ni faini au jela, na mfungwa haendi safari. Nyapara hana thamani hiyo.

Mchana nikaomba lori la mkonge hadi Mwatate, nikapanda kwa miguu na kamba ya kupimia. Tawi huchora mstari unaoifuata barabara. Mtaro huu unaikata barabara, ukingo hadi ukingo, upana futi tatu, kina futi mbili, na alama za jembe bado ziko kwenye kuta zake. Tangu lini tawi likashika jembe?

Na bado uko wazi.

Mke wangu Mghoi ameficha panga. Nimelitafuta mara mbili tangu nirudi. Anajua nilikuwa nalitakia nini. Mimi naogopa kujua.

Barua mpya nimeimaliza, vipimo vyote ndani. Kesho itakuwa mezani pa mkandarasi. Asipojibu, napanda Wundanyi kortini, na kamba yangu naibeba.

Mwisho wa barua nimeandika hivi: Sitaki pole, sitaki kuulizwa tena habari za tawi. Bwana mkandarasi, mtaro ni wako au si wako? Unalipa shilingi 470 au hulipi? Nijibu kwa kinywa chako, si cha karani, Jumatatu saa nne asubuhi.