Kadii Amerudi kwa Baba Yake

Mtaa wa Barani,
S.L.P. 217,
Malindi.
14 Julai 2024.

Mpendwa mwanangu Mwaro,

Hujambo, baba? Baridi ya Naivasha imekuachia kifua, au bado unakohoa kama ulipokuwa mdogo? Mimi shangazi yako ni mzima, ila goti la kulia limeanza kunibishia. Mama yako hajambo, amevuna magunia mawili ya mahindi na anakusalimu sana.

Simu yako haipatikani tangu Mei, ndiyo maana naandika. Barua hii ataileta Mutuku, yule dereva wa lori la chumvi wa Marereni, aliyekuona sokoni huko. Usimlaumu kwa kukutaja. Nilimbana.

Nimesikia yote. Waajiri wako walikuachisha kazi baada ya miaka sita ya kibarua, bila hata asante. Hilo ningeliandikia kurasa kumi, unanijua. Lakini leo nina neno na wewe, si nao.

Kodi ya nyumba yenu ya Kisumu Ndogo, hapa Malindi, ilipokushinda, ulimpa mkeo Kadii nauli aende na mwanenu Easter kwao Ganze wakapate chakula, nawe ukapanda basi la bara kutafuta kazi. Najua ulifanya kwa huruma. Lakini wewe ni Mgiriama au tulikuokota? Mke akirudi kwao na mizigo, bila mtu wa upande wa mumewe kumsindikiza na kueleza, kwetu huyo ameachwa. Mzee Dzombo alimwona binti yake akishuka kwenye bodaboda na godoro. Akangoja simu ya mkwewe mpaka akachoka. Sasa amewaita wazee Jumamosi tarehe 27 ili arudishe mahari, mbuzi wanane na mtamba, mambo yaishe.

Jumanne nilikwenda Ganze bila kutumwa na mtu. Nilimwambia Mzee Dzombo kwamba mahari si mkopo, na kwamba mwanamume hakomi kuwa mume siku mfuko wake unapokauka. Nilisema mengi na nilisema vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, haya yote mazuri, mbona Mwaro mwenyewe hayasemi?" Niliaga, nikaenda kumtafuta Kadii.

Huku mtaani wanasema Kadii amekimbia umaskini. Nimegombana nao mmoja mmoja. Kadii anauza viazi karai pale stendi ya Ganze, na Easter anakwenda shule. Nilipomuuliza kama anataka talaka, aliendelea kumenya viazi vyake, halafu akasema, "Shangazi, njaa tumelala nayo mara ngapi? Baba ananiuliza kama nimeachwa au sijaachwa, nami sijui. Hilo ndilo linalonishinda."

Sikuandikii kama hakimu, baba. Duka la mume wangu lilipofilisika, kila jioni nilimthibitishia kuwa kosa ni lake. Nilikuwa sahihi. Alinyamaza, nami nikadhani nimeshinda, mpaka siku alipofunga mzigo akaondoka. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na hakuna hata kimoja kilichonionyesha faida ya ushindi ule.

Najua unangoja upate pesa ndipo upige simu. Acha kungoja. Wewe unaona salamu isiyo na pesa ni aibu, mwenzako anaona kimya chako ni talaka, na nyumba inavunjika bila mtu yeyote kutamka neno.

Azima simu ya Mutuku. Anza na Mzee Dzombo. Mwambie kwa kinywa chako kwamba kazi imekwisha, mkononi huna kitu, na binti yake hukumwacha. Kisha umwombe akupe Kadii. Sijui Kadii atakujibu nini, na akikataa ni haki yake. Lakini awe amekataa baada ya kukusikia. Tarehe 27 nitakaa mimi upande wako, na nitajitahidi kusema kidogo.

Binamu yako Kombe na mkewe wanakusalimu, na jirani yangu Everlyne pia. Easter anauliza kama huko unavaa koti.

Mungu akulinde, akupe riziki, na akutangulizie ujasiri kabla ya riziki. Mutuku nimemwekea salio, na ameahidi hatawasha lori mpaka umalize kuongea.

Akupendaye hata anapokugombeza,
Shangazi yako,
Kahaso.