Halima, Simu Ilikuwa Pale Pale

Halima, rafiki yangu,

Asubuhi hii nimepita Bulla Pesa, hapa Isiolo, mahali tulipokuwa tukiuza maziwa. Sasa anakaa msichana wa Kimeru anauza nyanya. Nilitaka kumwambia ahame, hapo ni kwako. Sikuweza. Nikanunua nyanya ambazo sikuwa na haja nazo, nikaondoka haraka.

Kuna jambo sijakuambia. Lilijulikana baada ya kukuzika, na tangu hapo sina amani.

Ulikuwa umeenda kujifungulia kwa mama yako, kwenye yale maduka machache ya barabara ya Garba Tulla, nami nikaja kukaa na wewe. Uchungu ulipokushika, mtoto akakataa kutoka. Mkunga akanivuta kando, akasema, "Huyu ni wa hospitali." Guyo, mume wako, akakimbilia barabarani kutafuta lori. Hata moja halikupita. Uliniuliza, "Guyo amefika na lori?" Nikakujibu yuko karibu. Ulitutoka jua likiwa bado kali, na mtoto hakuwahi kuliona.

Sasa sikia, dada yangu. Kile kibanda cha bati nyuma ya maduka, chenye mlingoti mrefu. Tulianika nguo kwenye ua wake wa waya, mimi na wewe, na mama yako akatuonya tusiguse mlango, ni mali ya serikali. Haikuwa ya serikali. Kampuni ya redio ndiyo iliyokijenga, na ndani kulikuwa na simu ya upepo, ile isiyo na waya, ya kuita hospitali ya Isiolo. Iliwekwa kwa ajili ya wagonjwa. Mtu anaita, Landrova ya hospitali inakuja, naye halipi kitu. Kule hospitali nesi alikuwa akiwasha ya kwake kila asubuhi, akingoja. Huku kwetu nje palikuwa na kibao chenye jina la kampuni kwa Kiingereza, basi. Hata mlinzi wa kibanda aliambiwa tu achunge betri zisiibwe.

Tulikuwa tunalia hapo hapo, Halima. Hapo hapo.

Nilijuaje? Chifu aliita baraza Isiolo, akaja fundi mkuu wa kampuni, kijana mpole mwenye miwani. Alisema wanakuja kuing'oa simu ile kwa sababu hakuna aliyewahi kuitumia. "Inaonekana watu wa huku hawaihitaji," akasema. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta tu nimesimama.

"Nani alituambia ipo?" nikamuuliza.

"Mama, tuliwaeleza wakubwa Nairobi. Kampuni yetu haipendi kujisifu. Tunasaidia kimyakimya."

"Redio mnazouza mnazitangaza mpaka watoto wetu wanaimba jina lenu. Hii ya kuokoa mtu ndiyo mkaona aibu kuitaja? Rafiki yangu amekufa kando ya mlango wenu!"

Guyo alikuwa amekaa mbele. Aliinuka, akajifuta uso kwa shuka, akatoka bila kuangalia mtu. Yule kijana akavua miwani. "Tulidhani mnajua," akasema.

Hawakuing'oa. Wameandika ukutani kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kiborana, kwamba mlango huo ni wa mgonjwa yeyote. Mlinzi amefundishwa kuita. Imetangazwa soko la ng'ombe, msikitini, na kanisani kwetu. Juzi mzee mmoja aliumwa na nyoka, wakamwita daktari, akapona. Watu walishangilia, nami nilishangilia nao. Halafu nikaenda nyuma ya duka nikamkasirikia yule mzee kwa kuwa hai. Nikuambie uongo nikufaidie nini? Nilimkasirikia.

Mama yako anasema siku yako ilikuwa imefika, Mungu ndiye aliyepanga. Simbishii. Namkorogea chai, tunakaa. Guyo amehamisha mifugo upande wa Merti, na barabara ile hapiti tena.

Lakini kinachonitesa zaidi ni neno alilosema yule fundi wakati wa kuagana. Vibanda vya namna hiyo viko vingine huko kaskazini. Nikamuuliza kama vimeandikwa. Akasema bado, ameomba ruhusa kwa wakubwa wake, anangoja jibu. Anangoja, Halima! Na huko sasa hivi kuna mwanamke anaanika nguo kwenye waya.

Mimi singoji. Nimeongea na dereva wa lori la sukari, amekubali kunibeba hadi huko. Nitasimama kisimani na sokoni, nitawaambia wanawake kile kibanda ni cha nini, hata wakicheka Kiborana changu kibovu. Nitawaambia na jina lako.

Pumzika, mwenzangu, wewe na mtoto wako. Mungu wako na wangu awatunze. Wewe hukuambiwa. Wao nitawaambia mimi, hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Rafiki yako,
Nakiru