Kanda Moja Iliyotoka Boksini

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Hapa Kariakoo tu wazima, babu yako anakusalimu. Umeniuliza kama kuna ubaya kurusha wimbo mpya wa rafiki yako kwenye magrupu ya WhatsApp.

Nikiwa msichana, jirani yetu Saidi alitoa kanda ya nyimbo zake kwa pesa zake mwenyewe. Nilinunua moja, nikawatolea kopi mtaa mzima kwa redio ya kaseti ya baba. Nilidhani namsaidia! Siku moja akapita na boksi lake, akakuta wimbo wake unalia kila dirisha.

"Dada, hawa wamenunua wapi? Zangu zote ninazo humu, imetoka yako tu."

Niliingia ndani, nikaizima redio ya baba.

Niambie wimbo wa rafiki yako unauzwa wapi. Nataka kununua wangu, na babu yako anunue wake.

Bibi yako