Alama Niliyoiondoa Kila Asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Daktari ameniambia nile chochote ninachokipenda, nami nimesoma vya kutosha kujua maana ya ruhusa hiyo. Nakuandikia, na nawaachia wengine wasome, kwa sababu ulituhumiwa mbele ya watu.

Unaikumbuka ile kompyuta moja ya kituo cha walimu hapa Wete, miaka ya mwanzo ya vyama vingi, watu wa ukoo mmoja walipokuwa hawazikani? Ulirudi kutoka masomoni na programu ya kuandikia ambayo mtu aliweza kuiongezea kazi mwenyewe. Mchana mmoja tukichagua mchele ulinieleza habari za kulabu. Kulabu, ulisema, ni mahali pa kutundika kazi, ili jambo likitokea kazi ijifanye yenyewe. Kila andiko lina chumba chake. Kulabu ya jumla hufuatwa na vyumba vyote. Humo ulitundika kazi ya kuweka nakala kwenye diski ya akiba kila mtu anapohifadhi andiko lake. Chumba kikiwa na kulabu yake, hufuata hiyo, na ndani yake mna alama ndogo inayokiambia: sasa fanya na zile za jumla.

"Na alama ikiondolewa?" nilikuuliza.

"Basi chumba hicho hakisikii tena amri ya jumla, dada. Na hakuna atakayekwambia, maana vyumba vingine vyote viko sawa."

Ukaongeza kwamba chumba kikifungwa kulabu yake hufa nacho, na ukikifungua kesho unaanza upya. Ukanisifu kwa wepesi wa kuelewa. Mimi niliyekushika mkono kuandika alif, sasa nasifiwa na wewe. Nilitabasamu, na mchele ukanishinda kuuona.

Yale maneno ya Kipemba uliyoyahifadhi humo yalikuwa yangu kwanza. Niliyakusanya kwenye madaftari tangu hujaota meno ya pili. Wewe uliyachapa, ukaenda Vitongoji na Wambaa, ukarudi na mengi kuliko yangu. Siku tuliyokwenda pamoja Wambaa, Bi Mize, mzee tuliyekwenda kumsikiliza maneno yake, alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Alitutazama sote wawili, kisha mkeka akakusogezea wewe.

"Huyu mdogo ana sikio," akasema. "Weye Mwalimu, mie nikisema wanikosoa."

Wanawake wakacheka. Na wewe ukacheka, ukaniona uso, ukaacha. Kuacha kwako kuliniuma kuliko kicheko chao.

Tangu wiki ile nikawa nafika kituoni kabla yako. Nilikifungua chumba cha maneno, nikakipa kulabu yake isiyo na alama, nikakuachia kazi tayari mezani. Ulikuwa unasema ahsante, dada. Kutwa ukihifadhi, na diski haikupata hata neno moja. Jioni ulikifunga chumba, na ushahidi ukafa nacho.

Nataka ulijue hili hasa. Ubaya wangu haukuweza kudumu hata siku moja bila mimi. Ilinibidi niufanye upya, kwa mikono iliyotoka kushika tasbihi. Ningelala asubuhi moja tu, kazi yako yote ingenakiliwa. Sikulala.

Halafu umeme ukakatika katikati ya kuhifadhi, andiko likaharibika. Uliichukua diski bila wasiwasi, ukakuta nakala ya kabla ya Wambaa. Ukafungua chumba kipya, ukaandika neno, ukahifadhi, nakala ikaja. Ukajaribu tena, ikaja tena. Mitihani ya wenzetu, barua za ofisi, vyote vilikuwa na nakala. Kilichokosa nakala ni chako peke yake, na miaka ile hakuna kilichoharibika bila kutafutiwa chama cha kulaumiwa. Mkuu wa kituo akakuuliza mbele ya walimu nani aliyekutuma uyafute maneno. Ulinigeukia mimi.

"Dada, mie nimekosea wapi?"

Nikasema, mbele yao wote, kwamba huenda hukuielewa vizuri programu yako.

Wiki ile ile ulivuka kwenda Tanga, hukurudi.

Hukukosea popote, Zuhura. Kulabu zako zilifanya kila ulichoziandikia. Bi Mize alikufa mwaka uliofuata, na maneno yake hayamo katika daftari langu lolote, kwani kila alilolitamka mimi nililiandika nilivyoona lafaa kutamkwa.

Nasikia huko Tanga unafundisha, na wanafunzi wako wa zamani huja kukuamkia siku ya Idi. Wangu hawaji. Habari hiyo ililetwa na mgeni aliyedhani atanifurahisha. Nilikuwa nakohoa, sina nguvu ya kuinua kikombe, lakini nguvu ya kuchomeka moyoni nilikuwa nayo.

Haki za Mwenyezi Mungu namwomba Mwenyewe. Hii ni haki ya mja, ni yako, na Yeye hatanisamehe kabla yako. Nakuomba radhi, lakini usimpe huyu mgonjwa wa leo. Mgonjwa hana mikono ya kufanya lolote. Ukiweza kusamehe, msamehe yule ambaye, lau angepata afya leo, siwezi kukuapia kwamba kesho hangekuonea wivu.

Nakuaga kwa salama, kama mama yetu alivyokuwa akituaga sote wawili kwa mkono mmoja.

Ni mimi, dada yako.