Sahani ya Sombe

Siku ya ine, mangaribi.

Nilishinda, lakini nimechoka. Watu wa misaada waliuliza: feza ya kupangisha wakimbizi tupatie mupangaji ao mwenye nyumba? Nikasimama mbele ya watu wote wa Rwambuzi, mutaa wetu: «Mwenye nyumba! Ile matofali nilichoma miye mwenyewe!» Wakakubali.

Mama Furaha, mukimbizi ule vita ilitoa kwao Djugu, iko anakaa mu nyumba yangu ya nyuma. Yeye aliomba wamupatie, anilipe mwenyewe. Hawakumusikia.

Mbele misaada ifike, hakuwa na feza ya kunilipa, basi kila mangaribi aliniletea sahani ya sombe, majani ya muhogo ya kupika. Leo nimengoja bure. Nikamuita.

«Muzee, si ofisi ya misaada njo inakulipa sasa? Ikuletee na sombe.»

Miye siombi mutu chakula. Lakini tangu bibi yangu wa ndoa afariki...

Kesho nitaenda kuwaambia wamupatie yeye ile feza. Nitasema nimemuhurumia.