Ukurasa wa "Mimi ni Nani"

Mwanza

Mume wangu Bakari,

Hujambo, mpenzi wangu? Mama hajambo? Wifi yangu Hadija na tumbo lake? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio unaoumwa. Bado naandika "mume wangu" polepole, ili neno lisiishe upesi. Ndoa yetu ina miezi minne, na mitatu nimeikaa huku nikimalizia ukunga!

Nilikueleza juu ya jalada letu la kwenye kompyuta. Humo kila mwanafunzi anaandika habari za wazazi aliowahudumia, alichofanya vizuri na alichokosea, na mwalimu anasoma akiwa ofisini kwake. Ukurasa wa kwanza unaitwa "Mimi ni Nani". Wenzangu waliandika mistari mitatu. Mimi nilianza na wewe! Niliweka picha yetu ya harusi, ile uliyofumba macho, nikaeleza ulivyoendesha baiskeli kutoka Naipingo hadi kwetu Nanganga kuja kuniona, ukafika una vumbi mpaka kwenye kope. Neema, ninayelala naye chumba kimoja, alicheka: "Bi harusi, hili ni jalada la wakunga au la wapenzi?"

Kompyuta ni nne, sisi ni wengi, kwa hiyo tunapangiwa zamu. Jumanne zamu yangu ilifika nikiwa wodini na msichana mwenye uchungu wa kwanza. Ameolewa mwaka jana tu, Bakari. Mumewe alikaa nje kwenye benchi, amepakata kanga za mtoto.

Kila nusu saa nilitakiwa kusikiliza moyo wa mtoto. Nilisikiliza, ulikuwa vizuri. Msichana akaniuliza, "Dada, unaondoka?"

"Narudi sasa hivi."

Nikaenda kumalizia ukurasa wangu. Nilikuwa natafuta neno la kueleza unavyocheka. Nilipotazama saa, dakika hamsini zilikuwa zimepita.

Nilirudi mbio. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga kwa kusitasita, kama mtu aliyechoka kupanda mlima. Nikamwita sista wa zamu, daktari akaja, wakafanya kila walichoweza. Alizaliwa mtoto wa kiume. Hakulia. Nilipotoka nje, baba yake alisimama na kuninyooshea zile kanga.

Sista aliniambia pengine ingekuwa hivyo hivyo hata ningekuwepo. Pengine. Neno hilo nalibeba kila ninapokwenda.

Katika jalada tunachagua wenyewe visa vya kuweka. Neema akaninong'oneza, "Weka wale mapacha uliowapokea salama, Somoe. Huyu mwache. Nani atajua?" Nilikaa mbele ya kompyuta nikamkumbuka mama siku aliponipokea nyumbani kwenu. Alisema amepokea watoto wa nusu ya Naipingo kwa mikono yake, na hajawahi kumwacha mwenye uchungu hata kwa kwenda kuchota maji. Basi nikaandika yote, mpaka lile neno nililokuwa nalitafuta.

Mwalimu aliniita. Hakunigombeza. Alisema, "Kwa ulichofanya, utarudia wodi ya wazazi miezi mitatu. Kwa ulichoandika, sikufukuzi."

Kwa hiyo likizo sitakuja, mume wangu. Nilikuwa nimeshalipiga pasi lile gauni unalolipenda. Na Hadija atajifungua mimi sipo, wakati mama alishatangaza kwa majirani kwamba mtoto huyo nitampokea mimi.

Nakuomba jambo moja. Msomee mama barua hii yote, na pale Kiswahili kitakapomshinda umwambie kwa Kimwera. Zile dakika hamsini usiziruke, hata akikukazia macho. Akisema mikono yangu isiguse mtoto wa Hadija, wala wa mwingine, uniandikie hivyo hivyo alivyosema. Usinipambie.

Nisalimie Hadija, umwambie asikae mbali na mama. Nisalimie baba yangu Nanganga ukipata mtu wa kwenda huko, na mdogo wako Issa anayekusaidia kwenye mikorosho.

Picha yetu bado iko kwenye ukurasa wa kwanza. Sikuweza kuitoa. Maneno ndiyo niliyoyafuta yote, hata yale ya baiskeli na vumbi. Sasa pameandikwa hivi tu: Mimi ni Somoe. Nilimwambia narudi sasa hivi.

Mkeo anayekupenda kuliko anavyoweza kuandika,

Somoe